Bosi wa Nanyala

Ruti, mtoto wa kaka yangu, si mwoga. Nataka mlijue hilo mapema, kabla watu wa Mlowo hawajawasimulia vya kwao. Huyu ni mwanamke aliyemkata nyoka kwa jembe shambani, mwanawe Angel akiwa mgongoni, akamsukuma pembeni kwa mguu na kuendelea kupalilia kahawa yake. Kwa hiyo siku nilipomwona anatokwa jasho la hofu mchana kweupe, ndani ya sebule nzuri yenye vigae, simu mkononi, nilijua kuna jambo.

Mimi ni Recho, shangazi yake. Nauza mchele pale Mlowo, na mdomo wangu hauna breki, wanaonijua wanajua. Lakini hii nitaisimulia polepole.

Ruti aliolewa na Hezron, dereva wa malori ya Zambia. Hezron mbele za watu alikuwa mkimya, mpaka wengine wakadhani ana kiburi. Kwa mkewe alikuwa mtani kupita kiasi. Akirudi safari alisimama mlangoni pale Nanyala, kofia mkononi, na kusema, "Bosi, naripoti kazini." Ruti alimnunia, akamwambia aache ujinga, chakula kinapoa. Tuliomjua tulijua kwamba siku Hezron asiposema hivyo, huyo mke halali.

Safari yake ya mwisho Ruti alimsindikiza hadi Tunduma. Redio ya lori ilikuwa imekufa, na dereva asiposikia sauti ya kitu barabarani husinzia, kwa hiyo Ruti aliamua amnunulie spika kwa hela ya kahawa yake mwenyewe. Wakaingia kwa Bashiri, yule muuza vifaa vya umeme anayewasalimia Wazambia "mulishani" na sisi "karibu mama" kwa pumzi hiyohiyo. Bashiri akawachagulia spika nyeusi ya kuchaji, nene kama mkate, inayosoma flashi na kufanya kazi kwa Wi-Fi. Akawaeleza kwamba hiki kitu hakihitaji kutafutwa. Kikishaingia kwenye Wi-Fi ya mahali, chenyewe kinajitangaza kwa kila simu iliyomo humo: mimi nipo, jina langu fulani, kazi yangu kuimba. Sasa mkipe jina, akasema.

Hezron akachukua simu ya mkewe, akaandika jina huku anacheka, akamrudishia. Alikuwa ameandika "Bosi wa Nanyala". Ruti akamfinya mkono mbele ya Bashiri. Saa ileile Hezron akapanda lori na spika yake, akavuka mpaka.

Jioni, akiwa ndani ya Zambia, akamtumia Ruti sauti kwa simu. "Bosi, naripoti. Nimepita Isoka salama. Spika yako imeimba njia nzima, usingizi sina. Nibusie Angel." Basi. Asubuhi walimkuta amelala kando ya barabara, amepigwa kichwani, lori liko wazi. Mzigo wote ulikuwa umekwenda. Kwenye kabini hawakuacha hata godoro.

Sitawasimulia msiba. Nitasema tu kwamba aliyekwenda Zambia kuuleta mwili ni Felix, dereva mwenzake. Alilia makaburini mpaka akashikwa na watu. Alituambia usiku ule lori lake lilikuwa bado kwenye foleni huku upande wetu, na kwamba kama angekuwa ameshavuka, Hezron asingekufa peke yake. Tukampa pole kama tulivyompa mjane. Ruti naye akaihamishia ile sauti ya mumewe kati ya nyimbo za kwaya kwenye simu yake, ili isije ikapotea, akawa anaisikiliza anapopalilia.

Felix hakuacha kuja. Leo kaleta sukari, kesho sare za shule za Angel. Akaacha udereva, akanunua malori yake, akajenga Tunduma nyumba yenye geti la umeme. Mwaka ulipopita, na mwingine ukapita, akaleta posa. Kaka yangu akakubali, mchungaji akatangaza kanisani, harusi ikapangwa Jumamosi. Ruti alisema tu kwamba Felix ni mtu mwema na Angel anahitaji baba. Hakusema anampenda, na sisi hatukumwuliza.

Kwetu bibi harusi haingii nyumba ambayo shangazi yake hajaiona. Shangazi huenda naye kabla ya harusi, akabonyeza godoro, akafunua masufuria, akanusa choo. Ndiyo kazi iliyotupeleka Tunduma Jumatano ile, mimi na Ruti tu. Angel tulimwacha kwa bibi yake.

Felix alitupokea vizuri mno. Alibonyeza kitu mfukoni, geti likafunguka, tukaingia, likajifunga nyuma yetu. Akatuonyesha vyumba vyote, hata cha Angel, alikokwishaweka kitanda cha rangi ya waridi. Mlango mmoja tu mwisho wa korido hakuufungua. Alisema ni stoo, kuna vumbi. Tukakaa sebuleni, soda zikaja, na yeye hakuacha kujisifu. Fundi wa intaneti kamaliza juzi, akasema, kila kitu chenye alama ya Wi-Fi humu ndani kakiunganisha, hata kengele ya geti. Akampa Ruti neno la siri aingie. Felix mtu wa Makambako, anapenda mgeni ajue alichonacho, na kusema kweli mimi vigae vile vilikuwa vimeniingia.

Mimi ndiye niliyesema tupige kwaya kwenye ile televisheni kubwa ukutani. Ruti akafungua nyimbo zake, akagusa ile alama ya kurushia sauti. Simu ikaleta majina ya vyombo vya mle ndani vinavyoweza kuimba. Nilikuwa nimekaa naye bega kwa bega, nikaona majina ni mawili. La kwanza lilikuwa "Sebule". La pili mimi sikulielewa, nikadhani ni mambo ya simu yake. Ruti alilielewa.

Kidole chake kikabaki hewani. Niliona jasho linamtoka juu ya mdomo, na hapo feni inazunguka. Kisha akafanya jambo ambalo mpaka nakufa sitalisahau. Akaniegemea begani, akatabasamu, akaanza kuniambia kwa Kinyiha, kwa sauti ya kawaida kabisa, mkono wake ukionyesha madirisha.

"Shangazi, cheka. Cheka kama nakusifia pazia. Spika ya Hezron iko ndani ya nyumba hii."

Felix Kinyiha hakijui. Nilicheka. Sijui kicheko kile kilitoka wapi, lakini nilicheka, na Felix akacheka pia, akauliza tunasema nini. Nikamwambia Ruti anasifia mapazia. Akasema yametoka Lusaka.

Ruti akaendelea kwa lugha yetu, bado anaonyesha madirisha, akaniambia jina alilolitunga Hezron ndilo hilo kwenye simu, na halijulikani na mtu mwingine duniani isipokuwa yeye, marehemu na Bashiri. Damu ilinikimbia. Nilitazama geti kupitia dirishani, nikatazama mfuko wa suruali ya Felix, nikafahamu kwamba tuko ndani na ufunguo uko kwake. Wala hakuna aliyejua tuko pale isipokuwa watu wa nyumbani, ambao wote wanamwona Felix malaika. Jumamosi mtoto huyu angelala hapa, na Angel kwenye kile kitanda cha waridi. Niliogopa. Mimi mtu mzima, mjukuu ninaye, niliogopa.

Ruti akaweka wimbo kwenye televisheni, kwaya ikaimba. Halafu akamgeukia Felix na kumwuliza kama mtu anayepanga harusi yake, "Baba, spika nyingine huna? Ya kuweka uani wageni wakizidi."

"Spika? Sina kabisa," Felix akasema. "Nitakodi mziki, usijali."

Nilikuwa bado naomba Mungu iwe kainunua kwa vibaka bila kujua. Mtu aliyenunua anasema ninayo. Baada ya jibu lile sikuomba tena.

Chakula kililetwa, wali na kuku. Nilimeza bila kusikia ladha. Ruti alikula kidogokidogo na kujibu kila alichoulizwa. Kisha Felix akapangusa mikono na kusema ameona atupeleke Nanyala mwenyewe kwa gari, na akifika huko amchukue Angel, aje akizoee chumba chake kabla ya Jumamosi. Alisema kwa upole. Ruti aliinamisha kichwa kwenye sahani.

Hapo ndipo nilipobuni mila. Nilikunja uso nikamwambia Felix kwamba sisi Wanyiha haiwezekani kabisa. Bibi harusi akishaonyeshwa nyumba, anatoka kwa miguu yake na shangazi yake, haguswi na gari la mwanamume, na mtoto wake habebwi mpaka baraka za kanisani, la sivyo ndoa inaingia mkosi na wazee wataivunja. Nilisema na mengine juu ya unga na jiwe la kusagia, wala sijui niliyatoa wapi. Mila hiyo sijawahi kuisikia mpaka leo.

Felix aliniangalia. Akamwangalia Ruti. Mkono uliingia mfukoni ukabaki humo, na mimi nilisimama na mkoba wangu kifuani. Kisha akatabasamu, akasema mila ni mila, na geti likafunguka.

Tulitembea bila kugeuka. Tulipokata kona tu, Ruti akashika ukuta, akatapika kile chakula chote. Nilimpiga mgongoni na kumwambia pole mwanangu, pole, na mimi mwenyewe meno yanagongana.

Tulikwenda kwa Bashiri kwanza, maana Ruti alitaka uhakika. Bashiri alilikumbuka lile jina, alimkumbuka na Hezron. Akatueleza kwamba fundi wa intaneti anaweza kubonyeza kitufe kwenye ruta na kitufe kwenye spika, vikashikana, bila mtu kuona jina wala kuligusa. Mwenye nyumba kama anapiga nyimbo zake kwa flashi, hatalijua milele. Jina linafutika ukichoma kwa pini kile kitundu cha nyuma na kushikilia, na hilo wengi hawalijui. Kitufe cha juu nacho wanadhani kinazima, kumbe kinailaza tu. Ikiwa na chaji inaendelea kujitaja. Kisha Bashiri akashusha sauti, akaomba tusilitaje jina lake, kwa sababu wezi wanaoshusha mizigo ya malori barabarani hawafanyi kazi mmojammoja. Maneno hayo yalituongezea hofu juu ya hofu.

Kituoni tulimkuta mpelelezi mwanamke, afande Faith, mtu mwembamba asiyecheka. Nilitarajia atufukuze. Alisikiliza yote, akaisikiliza na sauti ya Hezron kwa kuirudia, akauliza Felix alisema alikuwa wapi usiku ule. Tukamwambia, kwenye foleni upande wa Tanzania. Akasema spika peke yake inaweza kuwa imenunuliwa, lakini twende tuione. Akamchukua mwenyekiti wa mtaa na askari wawili. Akamwambia Ruti lazima naye aje, aitambue.

"Siwezi kurudi mle, shangazi," Ruti aliniambia kwenye gari la polisi. Nilimshika mkono.

Geti lilichelewa. Tuligonga, tukabonyeza kengele, tukasikia mlango ndani unafungwa, kitu kinaburutwa, kimya, kisha geti ndiyo likafunguka. Felix alikuwa na kandambili na shati limetoka jasho. Alipotuona nyuma ya askari uso wake haukubadilika hata kidogo, na hilo liliniogopesha kuliko kama angepiga kelele.

Walipekua kila mahali. Stoo ilifunguliwa, ikakutwa na matairi, ndoo za rangi na kiti kirefu cha baa. Chini ya vitanda hakuna kitu. Kabatini hakuna kitu. Afande Faith alimwuliza Felix kama ana spika ya aina hiyo, naye akajibu hana, hajawahi kuwa nayo. Tukasimama wote koridoni. Mwenyekiti wa mtaa akaanza kukohoakohoa na kutuangalia sisi wawili jinsi watu wanavyowaangalia walevi msibani.

Felix ndipo akaongea, kwa huruma. Akamwomba afande asitulaumu. Mjane ana mawazo mengi, akasema, na harusi ikikaribia marehemu humrudia mtu. Yeye hana kinyongo. Mwenyekiti akatikisa kichwa kukubali. Askari mmoja alikuwa keshaanza kutoka. Felix akasogea karibu na Ruti, akamwekea mkono begani, akasema taratibu, ila mimi nilisikia.

"Jumamosi tutaongea vizuri, mke wangu."

Nilimwona Ruti anavyofumba macho. Nilifikiri anaanguka, nikanyoosha mikono nimdake. Badala yake akatoa simu kwenye kanga. Hakuhitaji tena neno la siri, simu ilikuwa imeikumbuka Wi-Fi ya nyumba ile tangu getini na kuingia yenyewe. Akagusa alama ileile. Afande Faith akasogea kuangalia, na mimi nikachungulia. Majina yalikuwa mawili, kama mchana. "Sebule". "Bosi wa Nanyala".

Ruti akachagua la pili. Akateremsha nyimbo za kwaya mpaka kwenye ile isiyo wimbo, akabonyeza.

Sauti ilitoka juu ya vichwa vyetu, ndani ya dari.

"Bosi, naripoti. Nimepita Isoka salama. Spika yako imeimba njia nzima, usingizi sina. Nibusie Angel."

Mwenyekiti wa mtaa aliita jina la Yesu. Mimi nywele zilinisimama, kwa sababu najua simu, najua spika, na bado kwa muda ule Hezron alikuwa juu ya dari ile akituona. Askari aliyekuwa mlangoni akarudi mbio. Wote wakainua nyuso kwenye mfuniko wa dari juu ya mlango wa stoo, na wakaona alama za vidole vya vumbi kwenye rangi nyeupe, kisha wakakigeukia kile kiti kirefu cha baa.

Felix hakuinua uso. Mkono wake ulikuwa umeshatoka begani kwa Ruti. Aliteremka ukutani taratibu mpaka akakaa sakafuni, akajifunika masikio kwa viganja. Sauti ilipofika mwisho ilianza upya, maana Ruti alikuwa ameipanga ijirudie, ndivyo alivyozoea kuisikiliza shambani. Bosi, naripoti.

"Nilikwambia usishuke," Felix akasema. Hakuwa anaongea na sisi. "Hezron, nilikwambia ubaki kwenye gari, wachukue mzigo, usishuke."

Afande Faith akamwambia arudie alichosema. Hakurudia. Akalia tu, kilio kilekile cha makaburini, nilikitambua.

Askari walileta kiti, mmoja akapanda na kusukuma mfuniko. Nilimwambia Ruti azime sasa, mwanangu, inatosha. Alikuwa analia bila sauti, amekaza macho kwenye lile tundu jeusi la dari, na hakuzima. Hezron aliendelea kusema amepita Isoka salama mpaka mkono wa askari ulipomfikia.